Ramani Niliyolichorea Kombora

Projesti amekufa. Nimeambiwa juzi kwa simu na binamu yake, mtu mwema ambaye hakujua anagusa wapi, maana alianza kwa kunipa pole: "Kaka Evodi, pole sana, ndugu yako wa omukago ametutoka." Nilimjibu kama mtu mzima anavyopaswa kujibu. Mungu amlaze mahali pema, mazishi ni lini, nitatuma rambirambi. Kisha nikarudi mezani kwenye ugali wangu na samaki, hapa Mwanza ninakofundisha fizikia tangu watoto wangu hawajazaliwa. Mke wangu akauliza kama nitasafiri kwenda kuzika. Nikasema siendi. Akauliza kwa nini, na hapo nikajikuta nimeisukuma sahani kwa hasira kama kijana wa miaka ishirini. Nimevuka hamsini, na bado marehemu anaweza kuninyima chakula. Jioni hiyo hiyo televisheni ilionyesha vita vya watu wengine, kombora linapita chini chini juu ya mapaa ya mji, linakata kona mtaani kama mtu anayekwenda nyumba anayoifahamu. Nikamwambia mke wangu azime. Hakuzima, na ndiyo sababu nimeamua kuandika habari za mwaka ule wa vita vya Ghuba, ili mtu mmoja angalau ajue kwa nini sipendi kuangalia kitu kile.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mabira, upande ambao sasa ni wilaya ya Kyerwa na siku zile ilikuwa Karagwe tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nasubiri majibu, na kazi niliyokuwa nayo ilikuwa moja: kufasiri redio. Mwenye redio alikuwa Koplo. Jina lake la ubatizo lilishasahaulika; alipigana vita vya sabini na nane upande wa mizinga, akarudi na mguu usiokunjika, akafungua duka. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, kimejaa chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mche na mizani ya kupimia kahawa, na harufu ya kahawa ya maganda iliyokuwa imelala kwenye magunia mpaka nguo zako zinukie hivyo hivyo. Redio ilikaa rafu ya juu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mchana Koplo aliyatoa mawe ya redio, yaani betri, akayaanika juani ili yapate nguvu, na jioni, jua likiwa bado juu ya vilima vya ng'ambo, aliyarudisha na wazee wakaja na vibuyu vyao vya rubisi, pombe ya ndizi. Kiswahili cha taarifa ya habari kiliwapita wengi wao. Walikijua cha sokoni na cha kanisani, si kile cha mtangazaji aliyeko Ulaya. Basi Koplo alikuwa akizima redio kuokoa mawe, na wote wakanigeukia mimi. Niliwaeleza kwa Kinyambo dunia ilivyokuwa imeamka siku hiyo. Sijawahi kuheshimiwa vile tena, hata nilipopewa ualimu mkuu msaidizi.

Projesti aliketi kulia kwangu kila siku. Alikuwa mtoto wa Mzee Byabato, jirani yetu wa chini, na alimsaidia Koplo kupima kahawa. Tulikua pamoja, tukala vyungu vya mama zetu bila kubagua, na mwaka uliotangulia tuliamua kufanya omukago, undugu wa kuchanjana. Zamani watu wawili walichanja chale tumboni, wakapaka damu punje za kahawa, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Lakini huo ulikuwa wakati ambao kwetu jeneza lilipita barabarani karibu kila juma, na wembe uliogusa damu ya mtu uliogopwa kuliko bunduki. Tukapasua punje moja ya kahawa katikati, tukatafuna nusu kwa nusu, bila wembe. Mzee mmoja alituambia waziwazi, "Huo hauna meno. Omukago bila damu ni kula kahawa tu." Tulimcheka, sisi wasomi. Siku hizi nikikumbuka namwomba radhi, ingawa sijui kama damu ingemzuia Projesti. Labda ingemchelewesha.

Mwezi wa kwanza redio ikaanza kutaja kombora la kruzi. Nilifasiri kila kitu kingine nikakwama hapo. Wazee walijua mizinga. Wengine walijificha migombani miaka kumi na miwili nyuma wakiisikia ikivuma kutoka upande wa mto. Koplo ndiye aliyenisaidia kuanza. Alisema mzinga, na hata roketi kubwa ya balistiki, ni sawa na jiwe la kombeo: unalirusha juu, likishatoka mkononi huna amri nalo, linapanda na linashuka. "Ndiyo maana," alisema, "ilikuwa lazima mtu wetu mmoja apande kilima cha mbele, aone linapoangukia, atuambie ongezeni, punguzeni, kulia kidogo. Wengi wa hao hawakurudi. Sasa hili la kwako, Evodi, nani anapandishwa kilimani?"

Nikamjibu hapandishwi mtu. Nilikuwa nimesikiliza vizuri na nilikuwa na daftari langu la fizikia, kwa hiyo nilieleza kwa raha zote za kijana anayesikilizwa. Kwamba si jiwe, ni ndege ndogo isiyo na rubani. Ina mabawa mafupi na injini yake, inakwenda kwa mwendo wa ndege ya abiria, inarushwa kutoka melini, au tumboni mwa ndege kubwa, au kwenye lori. Kwamba haipandi juu. Inaambaa na ardhi, inashuka mabondeni na kuruka vilima, ili rada ya adui, jicho lile linaloona mbali angani, isiione mpaka imefika mlangoni. Kwamba aliyeituma anaweza kuwa baharini, mbali kuliko Dar es Salaam, anakunywa chai. Ndiyo maana vita vya sasa huanza nayo: inatangulia kuvunja rada na madaraja na nyumba za wakubwa wa jeshi, ndipo ndege zenye watu zifuate, na mwenye nayo hahesabu maiti upande wake. Mzee Byabato, baba yake Projesti, alitema rubisi chini akasema, "Vita vya waoga." Koplo akamwambia kwamba aliyewahi kupandishwa kilimani hawezi kuuita huo uoga. Wakabishana mpaka kibuyu kikaisha, nami nikafasiri ubishi wenyewe kwa Kiswahili kwa ajili ya dereva wa lori la kahawa aliyekuwa amepumzika pale.

Projesti ndiye aliyeuliza swali lililobaki. "Na njia inaijuaje?" Nikasema inabeba ramani tumboni. Kabla haijarushwa, watu wamekaa miezi wakichora vilima na mabonde ya kule inakokwenda; ikiwa angani inapima ardhi ilivyopanda na kushuka chini yake, inalinganisha na ramani, inajisahihisha. Ikikaribia kabisa inalinganisha picha ya nyumba na picha iliyopewa. Haijui adui ni nani. Inajua ilichoambiwa. "Wakiichorea vibaya?" akauliza. Nikasema itapiga pale palipochorwa, na haitajua kama imekosea. Akacheka, akasema, "Tuchoree basi ya kwetu tuone itapitaje."

Hapa ndipo mke wangu, nilipomsomea niliyoandika, alipotikisa kichwa. Lakini nani angekataa? Koplo alishusha kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaigeuza nyuma, nyeupe kubwa, akaniletea peni ya bluu na nyekundu. Binti yake Adventina akaleta karanga. Nilichora kwa jioni mbili. Kilima chetu, kijito, kanisa la Walutheri, duka, kila paa. Nilieleza huku nachora kwamba kutoka juu huwezi kuona kila kitu, unaona tu kinachoonekana. Na sasa lazima nieleze kibanja chetu. Kibanja cha mama kilianza juu kwenye mawe kikashuka mpaka karibu na kijito. Njia ya kwenda mtoni ilikikata katikati. Juu ya njia ilikuwa ardhi ngumu, migomba myembamba. Chini ya njia ndiko kulikuwa na maisha yetu: mibuni iliyonona, ndizi zilizokuwa mbichi hata kiangazi, maharage ya misimu miwili. Mpaka wetu na Mzee Byabato haukuwa njia. Ulikuwa mstari wa emiramura, ile miti ya mpaka yenye majani marefu ambayo kwetu mtu haipandi ovyo na haing'oi bila laana, na mstari huo ulipita chini zaidi, ndani ya migomba, karibu kabisa na nyumba yao. Kutoka angani emiramura zisingeonekana, zimefunikwa na migomba. Njia ingeonekana. Nikachora njia. Upande wa juu nikaandika "kwa Mama Evodi". Koplo aliinama juu ya karatasi akasema mpaka hauko hapo. Nikamjibu kwa kiburi, na maneno haya nayakumbuka kama amri za Mungu: "Mimi nachora kijiji kama kilivyo, si kama watu wanavyosema."

"Na chini ya njia ni kwa nani?" Projesti aliuliza. "Andika, tusipotee." Nyumba yao ilikuwa chini huko kweli. Nikaandika "kwa Byabato", herufi kubwa nyekundu, zikatanda kuanzia kijitoni mpaka njiani. Nikatia sahihi pembeni kama wachoraji wa vitabu. Projesti aliisifia ramani ile kuliko wote, akaomba akaiweke ukutani kwao. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anamenya ndizi, Yustina jirani yetu amekaa naye anachambua maharage, nikawasimulia habari za kombora tangu mwanzo. Mama hakujua Kiswahili wala kusoma. Barua zake zote, za kanisa, za kaka zake, karatasi za kahawa, nilimsomea mimi tangu nikiwa darasa la tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mungu anipe siku nyingi, nina mtoto anayejua mpaka vitu vya angani." Yustina akasema vitu vya angani haviivishi maharage, nyote njooni mle.

Masika yalipoanza nilikwenda Bukoba kwenye usaili wa chuo cha ualimu. Nilikaa majuma mawili kwa sababu ya mvua na ubovu wa barabara. Niliporudi nilimkuta mama amesimama njiani, pale pale njia inapokata kibanja, jembe mkononi, halimi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Alinionyesha kwa jembe. Chini ya njia migomba yetu ilikuwa imepunguzwa majani na mikono mingine, maharage mapya yamesiwa kwa mistari ambayo si ya mama, na mahali pa emiramura palikuwa na mashimo yaliyofukiwa, udongo mbichi. Nilishuka mbio kwa Projesti. Nilimkuta anapalilia, kwenye mibuni yetu, bila haraka. Nikamuuliza nani ameng'oa emiramura. Akajikausha. "Emiramura gani, Evodi? Mpaka ni njia. Si wewe mwenyewe uliyeandika?" Nilidhani ananitania, na Mungu anisamehe, nilicheka. Hakucheka. Nimesema nilikasirika juzi mezani. Hasira hiyo si ya emiramura, ni ya kicheko kile changu.

Kaka zake walikuwa wameshagawiwa kibanja na baba yao, na yeye, mziwanda, amebakiwa na kiwanja cha nyumba tu. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba alikuwa ameshapeleka posa kwa Koplo kumwomba Adventina, na Koplo alimjibu kuwa binti yake hataolewa na mizani ya kupimia kahawa, aolewe na mtu mwenye kibanja. Hayo nilikuja kuyasikia baadaye, sherehe ikiwa imepangwa. Wakati ule nilikuwa bado naamini kwamba Koplo ni shahidi wangu.

Mama alipeleka shauri baraza la wazee. Tulikaa kwenye mabenchi ya darasa moja la shule ya msingi, siku ambayo watoto hawakuja, dari imejaa popo na mwenyekiti anafuta miwani yake kila dakika. Mzee aliyepanda zile emiramura alikwishakufa. Wengine waliozijua walizikwa miaka hiyo ya majeneza. Yustina alisimama akasema amelima kando ya emiramura hizo tangu aolewe. Mwenyekiti akamshukuru, akamkumbusha kwamba yeye ni rafiki wa mdai. Kisha Projesti akafungua kalenda. Aliifungua taratibu, akaiweka juu ya meza, akabana pembe zake kwa mawe manne.

"Hii ni hati ya mkono wako?" mwenyekiti aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Ila, mzee, haikuwa ramani ya mipaka. Ilikuwa ya kombora."

Darasa zima likacheka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Nilijaribu kueleza, mbele ya mama yangu, habari za rada na injini na picha za kutoka juu, na kadiri nilivyojua kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Nikamwomba Koplo asimame, maana alikuwepo. Akasimama kwa shida ya mguu wake. Mwenyekiti akamuuliza kijana alichora kwa nia gani. Koplo hakunitazama. "Mimi nilimwambia mpaka hauko hapo," alisema. Moyo wangu ukapanda. "Akanijibu kwamba anachora kijiji kama kilivyo, si kama watu wanavyosema." Akakaa. Lilikuwa neno la kweli, kila herufi. Alikuwa nalo lingine la kweli, kwamba ilikuwa mchezo wa jioni kwenye kibaraza chake, akalimeza kwa ajili ya mkwewe. Niliporudi kukaa Projesti alininong'oneza, kwa sauti ile ile ya utotoni, "Sijasema uongo hata neno moja, Evodi." Na ni kweli hakusema. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini nimemtafutia uongo wake siku ile, nikose usingizi kwa haki, sijaupata.

Najua watu watasema mtu hapaswi kumsema marehemu. Mimi simsemi, namwogopa bado. Alinifundisha kwamba anayekujua ndiye anayeweza kukufikia. Adui wa mbali angehitaji miezi ya kuchora vilima vyetu. Projesti alihitaji jioni mbili na karanga za bure, na mchoraji alikuwa mimi. Wanafunzi wangu wanaponiuliza leo habari za makombora wanayoyaona kwenye simu zao, yanavyolenga dirisha moja katika jengo zima, wanashangazwa na injini. Nawaambia wasishangae injini. Waulize nani aliwachorea, na alikuwa anakula kwa nani.

Baraza liliamua mpaka ni njia, na mama avune kahawa ya msimu ule kisha aache. Siku ya kuchukua hukumu tulikwenda watatu, mama, Yustina na mimi. Karani alitoa karatasi mbili zilizopigwa chapa, za Kiswahili, akasema mdai asomewe, akiridhika kwamba amesikia atie dole gumba. Nilinyoosha mkono kupokea, kama nilivyopokea kila karatasi ya mama tangu darasa la tatu. Mama alikuwa ameshazichukua. Alizishika kidogo, akaziangalia juu na chini kama anayesoma, halafu akampa Yustina.

"Nisomee wewe," alisema.

Yustina alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Alinitazama kwa aibu, akasema, "Mama Evodi, si mtoto yupo?"

Mama alinigeukia. Hakuwa na hasira. Ningemshukuru Mungu kama angekuwa nayo. "Wewe pumzika, mwanangu," aliniambia. Yustina akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kuunganisha silabi moja moja, akikosea, akirudia na kumgeuzia kwa Kinyambo, na mimi ninayejua kila neno lililokuwemo nikasimama pembeni nikisikiliza mpaka alipofika mwisho.